Mita ya LUKU haina laini wala intaneti, inajuaje tokeni ni yangu? (Mifumo pachikwa)

chipukizi_umeme

Wakuu salaam. Naanza somo la mifumo pachikwa. Kila ninaposoma naambiwa ni "kompyuta iliyofichwa ndani ya kifaa", halafu naorodheshewa mashine ya kufulia, breki za gari na maikrowevu. Bado sioni kinachoitofautisha na kompyuta ya kawaida iliyofanywa ndogo.

Nikaona nichukue kifaa kilichopo kila nyumba, mita ya LUKU, niulize kwa mfano huo:

1. Je, nayo ni mfumo pachikwa? Ndani yake kuna nini?
2. Nanunua umeme kwa simu, naletewa tarakimu 20, nabonyeza, uniti zinaingia. Mita haina laini. Imejuaje kwamba nimelipa, na kwamba tokeni si ya jirani?
3. Kwa nini mwaka 2024 tuliambiwa tuingize tokeni tatu badala ya moja?
4. Nataka kujifunza kwa vitendo. Kuna kifaa kidogo ninachoweza kuunda kisome matumizi ya umeme bila kugusa sili ya mita?

Natanguliza shukrani.

---

fundi_mita

Mkuu, huo mfano wako unafaa kuliko maikrowevu. Twende nao.

Ndani ya mita kuna mikrokontrola, yaani prosesa, RAM, kumbukumbu ya kudumu, vipima muda na pini za kuingiza na kutoa, vyote kwenye chipu moja. Kwa hiyo ni kompyuta kamili. Tofauti na laptopu iko kwenye masharti ya kazi. Programu yake ni moja na imewekwa kiwandani. Ikikwama hakuna mtu wa kuizima na kuiwasha. Umeme unakatika wakati wowote, hata katikati ya kuandika salio, na salio halitakiwi kupotea. Tena kila kitu kina kipimo: baiti kadhaa za kuhifadhi hiki, biti kadhaa za kuhesabia kile. Mtu wa programu za simu akiishiwa memori anaongeza memori. Wa mita anarudi kwenye karatasi kupiga hesabu upya.

Sehemu zake kubwa ni hizi. Mkondo wa nyumba nzima unapita kwenye kipande cha aloi chenye ukinzani mdogo sana, tuseme mikro-om 200. Ukivuta ampea 60, kati ya ncha zake kunakuwa na milivolti 12 tu, na joto linalopotea hapo ni kama wati 0.7. Volteji ya 230 nayo inagawanywa kwa msururu wa rezista mpaka iwe sehemu ya volti. Saketi ya upimaji inasoma vyote viwili maelfu ya mara kwa sekunde, inazidisha, inajumlisha, na kila ikifikisha kiasi fulani cha nishati inatoa pigo moja. Hilo ndilo linalowasha kile kitaa chekundu mbele ya mita. Mikrokontrola inapunguza salio kwa kila pigo, na salio likifika sifuri inaamuru relei ikate. Relei yenyewe ni ya aina inayobaki pale ilipowekwa: inapewa mshtuko mfupi wa umeme wa kufunga au kufungua, basi, koili haili umeme tena.

Sasa tokeni. Mfumo unaitwa STS, ulianzia Afrika Kusini, na leo ni kiwango cha kimataifa cha IEC 62055-41. LUKU inautumia, na tokeni za Kenya pia. Zile tarakimu 20 ni namba moja ya biti 66 iliyoandikwa kwa desimali. Biti 2 zinasema tokeni ni ya daraja gani: ya uniti, ya majaribio au ya usimamizi wa mita. Kwenye tokeni ya uniti, zilizobaki 64 zimefichwa kwa ufunguo, na ukizifungua unakuta:

- biti 4: aina ya huduma (umeme, maji, gesi)
- biti 4: namba ya kubahatisha
- biti 24: dakika tokeni ilipotolewa
- biti 16: kiasi, kwa hatua za uniti 0.1
- biti 16: namba ya kukagua makosa

Ufunguo huo ni wa mita moja tu. Umekokotolewa kutoka namba ya mita, namba ya kundi la ugavi, namba ya tarifu na siri kuu ya shirika la umeme, kisha ukawekwa ndani ya mita. Kompyuta ya mauzo inaukokotoa ufunguo uleule pale unapotaja namba ya mita yako. Hivyo mita haihitaji kuuliza mtu. Inafungua tokeni kwa ufunguo wake, inapiga hesabu ya ukaguzi, na ikikubali inajua imetoka kwa mwenye siri. Tokeni ya jirani ikifunguliwa kwa ufunguo wako inatoka takataka, ukaguzi unagoma.

Jambo moja unaweza kulihakiki sasa hivi kwenye meseji zako za zamani: hakuna tokeni inayoanza na 8 wala 9. Namba kubwa kabisa ya biti 66 ni kama 73,786,976,294,838,206,463, kwa hiyo tarakimu ya kwanza haipiti 7. Ukiletewa inayoanza na 9, mtu ameinakili vibaya au unatapeliwa.

---

dakika_moja

Naongezea swali la 3, maana jibu lake limo kwenye zile biti 24 za fundi.

Kila tokeni inabeba dakika yake ya kuzaliwa. Mita inahifadhi orodha ya dakika za tokeni za karibuni ilizokubali, angalau 50. Ukiingiza tokeni ambayo dakika yake imo kwenye orodha, mita inasema imeshatumika. Ikiwa dakika ni ya zamani kuliko zote zilizomo, inasema tokeni imepitwa na wakati. Ndiyo sababu tokeni moja huwezi kuila mara mbili, na ndiyo sababu kuweka tokeni moja drooni kwa miaka ukinunua nyingine kila wiki si akili.

Dakika hizo zilihesabiwa tangu 1 Januari 1993. Biti 24 zinabeba 16,777,216 tu. Gawanya kwa 1,440 upate siku 11,650 na ushee, karibu miaka 31.9, zikaisha 24 Novemba 2024. Baada ya hapo kaunta inarudi sifuri na kila tokeni mpya ingeonekana kwa mita kama ya mwaka 1993, yaani ya zamani kuliko zote kwenye orodha. Mita nzima, umeme upo, pesa umelipa, tokeni inakataliwa.

Dawa ilikuwa kubadilisha ufunguo wa kila mita na kuhesabu dakika upya kuanzia 2014. Ufunguo mpya hautoshi kwenye tokeni moja ya biti 66, kwa hiyo ulikatwa vipande viwili. Zile mbili za mwanzo zilikuwa vipande vya ufunguo, ya tatu ndiyo uniti zako, tayari imefichwa kwa ufunguo mpya. Mita ilipopokea vipande vyote viwili ilifuta orodha ya dakika za zamani, salio lako halikuguswa. Aliyeanza na ile ya tatu alikataliwa kwa sababu mita ilikuwa bado na ufunguo wa kale.

Kuanzia 2014 biti 24 zinatufikisha Novemba 2045. Mita nyingi za leo zitakuwa zimeshang'olewa, lakini walisema hivyohivyo mwaka 1993.

---

chipukizi_umeme

Asanteni sana, hapo kwenye tokeni tatu nimeelewa kabisa. Sasa ile rimoti ya LUKU inayochomekwa kwenye soketi, yenyewe inaongeaje na mita iliyoko nguzoni? Na swali la 4 bado.

---

fundi_mita

Rimoti inaongea kupitia nyaya hizohizo za umeme. Inapandisha ishara ya masafa ya juu juu ya ule wa hezi 50, mita inaipokea upande wa pili. Betri zake ni kwa ajili ya wakati uniti zimeisha na soketi haina umeme. Ikikataa kuunganika angalia kwa mpangilio huu: betri mpya, ichomeke kwenye soketi ya ukutani iliyo karibu na swichi kuu, usiipitishe kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme wala UPS, kwa sababu vichujio vya humo vinaimeza ishara. Ikigoma bado, chomoa chaja na taa za LED za bei ya chini. Baadhi hutupa kelele nyingi kwenye waya. Watu wengi hukimbilia kusema mita imekufa wakati ni ekstensheni.

Swali la 4 namwachia nusu_volti, ndiyo fani yake.

---

nusu_volti

Kitaa chekundu ndicho mlango wako. Mbele ya mita pameandikwa kitu kama 1600 imp/kWh (nyingine 1000, nyingine 3200). Maana yake kitaa kinawaka mara 1600 kwa kila uniti. Hata kabla ya saketi yoyote, chukua saa ya simu upime sekunde kati ya mwako mmoja na mwingine:

wati = 3,600,000 ÷ (imp × sekunde)

Pasi ya wati 1000 pekee, kwa mita ya 1600, inatoa mwako kila sekunde 2.25. Kuwa sahihi zaidi: hesabu miako 10 kisha gawanya.

Vifaa vya kuunda kisomaji:

- Arduino Uno 1, bodi ndogo yenye mikrokontrola (chipu ATmega328P: flashi ya programu KB 32, RAM KB 2, EEPROM isiyopotea umeme ukikatika KB 1)
- fototransista 1 (transista inayofunguka kwa mwanga) yenye lenzi ANGAVU
- rezista kilo-om 10 na kilo-om 47, moja moja
- kapasita nanofaradi 100
- tepu nyeusi ya umeme, waya mita moja au mbili, chaja ya volti 5

Kuhusu lenzi: fototransista nyingi madukani ni nyeusi. Hiyo rangi ni kichujio kinachopitisha mwanga usioonekana wa rimoti ya TV na kuzuia mwekundu wa mita. Utahangaika siku nzima na saketi isiyo na kosa. LDR, ile rezista inayobadilika kwa mwanga, nayo iache. Inachelewa kurudi gizani kwa makumi ya milisekunde au zaidi, na mwako wenyewe ni mfupi, kwa hiyo mzigo ukipanda unapoteza mapigo.

Kuunganisha: kolekta kwenye pini 2, emita kwenye GND (hasi), rezista ya kilo-om 10 kutoka pini 2 kwenda volti 5, kapasita kati ya pini 2 na GND. Gizani pini iko juu, mwako ukija inashuka. Pima kwa mita ya mkono: lazima ishuke chini ya volti 1.5 ndipo ATmega ihesabu kuwa sifuri. Isiposhuka, weka ya kilo-om 47. Hakikisha umetumia INPUT na si INPUT_PULLUP, kwani rezista ya ndani ya chipu ni kilo-om 20 hadi 50 na itakaa sambamba na yako, faida yote iende.

Bandika fototransista usoni pa kitaa kwa tepu, funika vizuri. Usiguse sili, usifungue kifuniko chochote. Programu:

```
volatile unsigned long pigo = 0;
unsigned long mwisho = 0;

void mwako() {
  unsigned long sasa = millis();
  if (sasa - mwisho >= 100) {
    pigo++;
    mwisho = sasa;
  }
}

void setup() {
  Serial.begin(9600);
  pinMode(2, INPUT);
  attachInterrupt(digitalPinToInterrupt(2), mwako, FALLING);
}

void loop() {
  noInterrupts();
  unsigned long nakala = pigo;
  interrupts();
  Serial.println(nakala / 1600.0, 3);
  delay(5000);
}
```

Ile 100 ni milisekunde za kutosikiliza baada ya kila pigo. Nyumba ikivuta kilowati 10, mita ya 1600 inawaka kila milisekunde 225, kwa hiyo hupotezi kitu. Kwa mita ya 3200 shusha iwe 40.

Dalili ya kosa la kawaida: hesabu inakwenda mapigo 10 kwa sekunde bila kubadilika, sawasawa na kilowati 22.5. Hapo unahesabu taa ya dari. Taa za umeme wa hezi 50 zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na kile kizuizi cha milisekunde 100 kinaruhusu 10 tu. Ongeza tepu. Jingine: kwa baadhi ya mita kitaa kikiwaka moja kwa moja bila kuzima, hakuna mzigo, usidhani saketi imekufa.

---

Bi_Rejista

Programu ya nusu_volti ni sawa, ila chipukizi usiinakili tu. Mistari mitatu hapo ndiyo somo lenyewe.

`volatile`: bila hilo neno kompaila ina haki ya kusoma `pigo` mara moja, ikaiweka kwenye rejista na isirudi kuitazama, maana ndani ya loop haioni mtu anayeibadilisha.

`noInterrupts`: inazuia pigo lisiingie katikati ya kusoma. ATmega ni ya biti 8, na namba ya biti 32 inaisoma baiti baada ya baiti, nne. Tuseme hesabu ni 255. Umeshasoma baiti ya chini, 255. Pigo linaingia hapohapo, hesabu inakuwa 256. Unaendelea kusoma baiti ya pili, sasa ni 1. Umepata 511. Kosa hili linatokea mara chache sana, na kwenye meza ya majaribio unaweza usilione kamwe.

`sasa - mwisho`: millis ni kaunta ya biti 32, inarudi sifuri baada ya siku 49.7. Kutoa kwa namba zisizo na alama kunavuka hapo salama. Ukiandika `if (sasa >= mwisho + 100)` umetega bomu la siku ya 50. Msicheke. Mwaka 2015 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme mara kwa mara, kwa sababu kaunta ndani ya vidhibiti vya jenereta ilikuwa ikijaa baada ya siku 248 mfululizo, na vyote vinne vingeweza kuzima kwa pamoja. Siku 248 zinalingana na kaunta ya biti 32 yenye alama ikihesabu sehemu za mia za sekunde.

Sasa umeme ukikatika `pigo` inapotea. Kila mtu anafikiria EEPROM, na wengi wanaandika kwa kila pigo. Sehemu moja ya EEPROM ya chipu hii imedhaminiwa kuandikwa mara 100,000. Nyumba ya uniti 8 kwa siku kwenye mita ya 1600 inatoa mapigo 12,800. Dhamana inaisha siku ya nane. Andika kila uniti 0.1, na uzungushe nafasi: KB 1 ina nafasi 256 za baiti nne, kila mara andika inayofuata, na ukiwasha tafuta yenye namba kubwa. Tahadhari: EEPROM mpya imejaa 0xFF, na ukizisoma kama namba ndiyo kubwa kuliko zote. Zipuuze.

Na kuna volteji inayoshuka taratibu wakati wa kukatika. Uno huja na kinga ya kuisimamisha chipu volteji ikishuka mno, iliyowekwa volti 2.7, ilhali kwa megahezi 16 chipu inataka karibu 3.8 kwenda juu. Katikati ya hapo prosesa inaweza kutekeleza upuuzi, ikiwemo kuandika EEPROM mahali pasipo pake. Pandisha kinga hadi volti 4.3: fyuzi ya ziada (ni mpangilio ndani ya chipu, si fyuzi ya umeme) kutoka 0xFD kwenda 0xFC, kwa programa ya ISP, kifaa cha kuandikia chipu moja kwa moja.

---

wa_mombasa

Hapo kwa Uno siwapingi, lakini kwa nini msimpe mikrokontrola ya ESP32? Ina Wi-Fi, ataona matumizi kwa simu.

---

Bi_Rejista

Aanze na Uno kwa sababu hitilafu zake unaziona kwa macho. Akiielewa ahamie ESP32, lakini ajue kinachobadilika. Pini zake ni za volti 3.3, rezista ivutwe huko na si kwenye 5. Kiwango cha sifuri ni cha chini zaidi, karibu volti 0.8, kwa hiyo pengine ataihitaji ile ya kilo-om 47 tangu mwanzo. Fanksheni ya `mwako` iwekewe IRAM_ATTR, alama ya kuiweka kwenye RAM. Lile tatizo la 511 halipo, ni prosesa ya biti 32, inasoma namba nzima kwa mkupuo.

EEPROM haina, maktaba yenye jina hilo inaandika kwenye flashi. Atumie maktaba ya Preferences, inazungusha nafasi yenyewe, ila ile hesabu ya kuandika kwa kiasi ibaki palepale. Wi-Fi ikiwaka inavuta mkondo kwa ghafla, mamia ya miliampea, na waya mwembamba wa USB unashusha volteji hadi chipu ijizime na kuwaka upya kila sekunde chache. Kapasita ya mikrofaradi 470 karibu na pini za umeme na waya mfupi mnene huwa vinatosha.

Na wochidogi, kipima muda kinachoiwasha upya chipu iliyokwama, asiisahau, hasa akiweka Wi-Fi, kwani ruta ikizimwa programu nyingi hukwama hapo zikisubiri. Kwenye ATmega muda mrefu kabisa ni sekunde 8: programu isipojitokeza ndani ya muda huo chipu inajiwasha upya. Akitumia Arduino Nano ya zamani awe macho, butiloda yake ya kale (programu ndogo ya kuanzishia chipu) haizimi wochidogi baada ya kuwaka, kwa hiyo inazunguka palepale kwenye kuwaka upya na haipokei hata programu mpya. Achome kwanza butiloda ya Optiboot.

---

chipukizi_umeme

Nimeandika yote. Mita yangu inasema 1000 imp/kWh, kwa hiyo 1600.0 naigeuza kuwa 1000.0, na ile milisekunde 100 naiacha?

---

nusu_volti

Iache. Kwa 1000, milisekunde 100 ni kilowati 36, waya za nyumba yako zitalia kabla hujafika hapo. Anza kwa kulinganisha: andika salio la mita, acha kisomaji kifanye kazi mpaka mita ipunguze uniti 5, kisha tazama. Ukizidi au kupungua kwa zaidi ya 0.05, shida ni tepu au rezista, usiende kuisahihisha kwenye programu.